Kasha la Mteja Asiyerudi

Taa ya diski iliwaka wakati waya wake ulikuwa unaning'inia msumarini.

Bisibisi aliiona kwa pembe ya jicho, saa sita kasoro mchana, mkononi ameshika kikombe cha chai iliyopoa. Taa ndogo ya buluu iliwaka, ikazima, ikawaka tena. Akautazama waya. Ulikuwa pale pale ukutani alipoutundika jana, ncha zote mbili hewani. Akajiambia ni umeme uliobakia ndani, ingawa mteja ambaye angemletea maneno hayo angemcheka mpaka machozi.

Alikuwa fundi wa kompyuta. Jina la Bisibisi alipewa na baba yake akiwa msichana wa miaka sita, siku alipoifungua redio ya nyumbani mpaka skrubu ya mwisho, akaifunga tena na zikabaki skrubu tatu. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele. Cha nyuma, chenye meza ya kulia na viti vitatu, ndimo alimoishi na mama yake. Ukutani mwa karakana alibandika matangazo mawili aliyoyaandika kwa mkono wake. La kwanza lilisema: WEKA NAKALA TATU, MAHALI PAWILI, MOJA IWE MBALI NA NYUMBA. La pili lilisema: KIFAA KISICHOCHUKULIWA KWA MIEZI MITATU NI CHA KARAKANA.

Diski ile haikuwa ya mteja. Ndani yake kulikuwa na sauti ya baba yake.

Baba alifundisha jiografia, na watu wote walimwita Mwalimu, mkewe akiwa wa kwanza. Miaka sita iliyopita alikufa, akaacha masomo arobaini aliyojirekodi kwa ajili ya wanafunzi wa jioni: mvua, udongo, vipimo vya ramani. Kila somo lilianza na kikohozi kidogo, kisha, "Haya, tuendelee," hata lile la kwanza kabisa, ambalo halikuwa na cha kuendelea. Mama sasa alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Alisahau majina, akasahau mwaka, akasahau kwamba mumewe amekufa. Jambo moja tu lilikataa kumtoka: kwamba hajawahi kuanza kula kabla Mwalimu hajafika mezani. Kwa hiyo kila adhuhuri Bisibisi alichomeka diski, akaifungua spika ya chumba cha nyuma, Mwalimu akakohoa, na mama akashika kijiko. Bila sauti ile, mama hali.

Na fundi huyu, aliyewahubiria wateja habari za nakala mpaka wengine wakawa wanapita upande wa pili wa barabara, hakuwa na nakala hata moja. Mganga hajigangi. Kila siku alisema kesho.

Mchana ule akaichomeka. Kompyuta yake ilitumia Linux, mfumo alioupenda kwa sababu hauna aibu: ukiuuliza umeona nini, unakwambia hata usichotaka kujua. Akaandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski zote. Ikaja ya ndani ya kompyuta, peke yake. Akachomoa, akapuliza tundu, akachomeka tena. Ya ndani, peke yake. Akabadilisha waya. Akabadilisha tundu. Akachomeka diski nyingine kwenye tundu lile lile, ikasomeka mara moja. Akairudisha ya baba. Hakuna.

"Mwalimu kachelewa leo," mama akasema kutoka chumba cha nyuma.

"Yuko njiani, mama. Anza kidogo, supu inapoa."

"Nianzeje naye hajaketi? Umelelewa wapi wewe?"

Bisibisi akafungua daftari la mfumo, ambamo kompyuta huandika kila kilichochomekwa na kila kilichochomolewa, pamoja na saa yake. Akasoma. Kifaa kipya kimeingia. Kimetoka. Kimeingia. Kimetoka. Mistari ilikuwa mingi, na alipozitazama saa akairudia tena kutoka juu, maana ilianza alfajiri, wakati waya ukiwa msumarini. Mwisho wa kila mstari, mahali ambapo kiwanda huandika jina la kifaa, palikuwa na maneno yale yale kwa herufi kubwa: NYUMBA YANGU IKO WAPI.

Akafikiri ni virusi. Kisha akafikiri ni mzaha wa mtu. Siku ile mama hakula.

Siku ya pili Bisibisi alilifungua kasha la diski, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba kasha lenyewe halikuwa lake.

Wiki mbili nyuma mama aliliangusha kasha la zamani, tundu la waya likavunjika. Diski ilikuwa nzima, ilihitaji nyumba tu. Chini ya meza kulikuwa na furushi la mteja aliyekuja zaidi ya mwaka uliopita, mwanamke mmoja nadhifu, asiyekohoa wala kukaa. Alileta diski ndani ya kasha jeusi, limefungwa kitambaa cheupe na kuzungushwa uzi mara nyingi. Bisibisi alimuuliza ina tatizo gani.

"Haina tatizo," mwanamke alisema. "Sitaki itengenezwe. Nataka ikae mahali ambapo watu hawalali. Nitarudi."

Hakurudi. Miezi mitatu ilipita, ikapita mingine tisa, na tangazo la ukutani ni la ukutani. Bisibisi aliukata uzi kwa mkasi. Diski ya ndani ilikuwa imekufa, basi akaifanyia yale ambayo mafundi wote huzifanyia diski zilizokufa: akatoa sumaku zake mbili, akazibandika ukutani zishike bisibisi, akatoa kisahani cha ndani, kile cha chuma kinachong'aa kuliko kioo, akampa mama ajitazamie, maana kioo chake kilikuwa na ufa. Kisha akaiweka sauti ya baba yake ndani ya kasha jeusi na kukaza skrubu. Kwa wiki hizo mbili ilisoma vizuri kabisa.

Sasa alilitoa kasha, akaunganisha diski moja kwa moja kwenye waya mwingine. Ikalia. Tik. Kimya. Tik. Mlio wa ukucha juu ya bati. Aliujua mlio wa diski inayougua, na huu haukuwa wenyewe, kwa sababu diski inayougua hailii kwa kumjibu mtu. Naye alipogonga meza mara tatu kwa hasira, diski ikalia mara tatu.

Chumba kikanuka kisima. Harufu ya maji yaliyolala gizani muda mrefu, katikati ya mchana wa kiangazi ambapo hata bomba la uani lilitoa upepo mtupu.

"Mama, kula basi, nakuomba," alisema saa ile, amepiga magoti kando ya kiti. Alikuwa ameshika kijiko mdomoni mwa mama yake, na mama alikuwa ameyabana meno. Muuguzi aliyekuja wiki iliyopita alisema mwili ule hauna akiba, siku nne bila chakula zinatosha kuumaliza. Bisibisi alilia bila kujificha. "Nimeshindwa, mama. Watu wananiletea vitu vilivyoungua navifufua, hiki kimoja nimeshindwa."

Mama akampapasa kichwa kwa mkono usio na uzito. "Usilie, binti wa watu," alisema, kwa sababu siku hiyo alikuwa amelisahau hata jina lake. "Mume wangu atakuja."

Siku ya tatu, saa sita kamili, alikuja.

Bisibisi alikuwa amesimama katikati ya karakana, kompyuta imezimwa, waya umetundikwa, diski uchi juu ya meza kando ya kasha lake, taa imelala, aliposikia kikohozi kidogo kutoka spika ya chumba cha nyuma, kisha sauti ya baba yake ikasema, "Haya, tuendelee."

Alikimbia. Mama alikuwa anakula. Alikula supu, akala mkate, akasukuma sahani mbele kuomba nyingine, na Bisibisi, Mungu amsamehe, hakuitazama spika wala hakujiuliza. Alimimina supu, akacheka na kulia kwa pamoja. Mwenye njaa nyumbani haulizi mkate umetoka tanuri gani. Baba alikuwa anaeleza habari za udongo wa mfinyanzi, jinsi unavyoshika maji, jinsi kisima kinavyochimbwa. Hapo Bisibisi aliacha kumimina, kwa sababu katika yale masomo arobaini, ambayo alikuwa ameyasikia mpaka akayajua kwa moyo, hapakuwa na somo la kisima.

"Na chini kuna baridi, Mwalimu?" mama akauliza.

"Kuna baridi nzuri," spika ikajibu. "Utaizoea. Una viatu?"

"Vimechakaa."

"Vitengenezwe. Ukimaliza sahani za leo na za kesho, tutatoka pamoja."

Bisibisi akachomoa spika ukutani. Sauti haikukatika, ila ilihama, na alipoifuata kwa masikio, akiomba isiwe pale alipodhani, aliikuta ikitoka mapajani mwa mama, kwenye kile kisahani kinachong'aa ambacho mama alikuwa amekishika kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto, na alipoinama juu ya bega lake kuchungulia aliiona meza yao, akauona uso wa mama na wake mwenyewe nyuma yake, akaviona na viti vyote vitatu, na kile cha tatu, ambacho kilikuwa kitupu alipokitazama kwa macho, ndani ya kisahani kilikuwa na mtu, amekaa wima mno, amevaa koti la Mwalimu na hajui vifungo vyake vinafungwaje.

"Amekonda, sivyo?" mama akanong'ona kwa huruma.

Kesho yake saa nne asubuhi, mshona viatu wa ng'ambo ya barabara alibisha hodi, mkononi ana viatu vya mama. Mama alikuwa amemwita dirishani jana jioni na kumrushia. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye gundi kwenye kucha na maneno machache. Alifika mlangoni, akasita, akavuta pumzi kwa pua.

"Bisibisi," alisema kwa sauti ya chini. "Harufu hii ya kisima imeanza lini?"

Bisibisi alimsimulia yote, wamesimama pale pale kizingitini. Mwisho mshona viatu aliketi juu ya kizingiti kama aliyechoka.

"Mimi nashona viatu," alisema. "Haya mengine niliachiwa na bibi yangu, wala sikuyaomba. Lakini nitakwambia. Yule mteja hakukuletea diski. Alikuletea jini aliyefungwa. Zamani walifunga kwenye chupa, kwenye chungu. Yeye alitumia alichokuwa nacho. Ukaukata uzi. Hilo lingesameheka. Lakini ukamvunjia nyumba ukaigawa: sumaku huku, kioo kule, na ndani ya kasha lake ukampangisha marehemu. Sasa amehamia kwa marehemu. Ana sauti tayari. Bado anatafuta mwili wa kutembea nao."

"Anamtaka mama?"

"Anamlisha kwa nini, unadhani? Kwao ni kisimani, na mtu hambebi mfu mpaka huko. Anataka aende kwa miguu yake."

Bisibisi aligeuka kuutazama mlango wa chumba cha nyuma. "Nifanye nini, kaka?"

"Vyote vilivyo vyake vikusanywe. Kasha, sumaku, kisahani, diski ile iliyokufa. Vishonwe pamoja, vipelekwe mahali wasipolala watu. Na diski ya Mwalimu pia."

"Hiyo hapana."

"Hiyo ndiyo nyumba yake ya sasa."

"Sauti ya baba ndiyo chakula cha mama. Ukiizika hiyo, unamzika naye. Hutamwona akifika Ijumaa."

Mshona viatu alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuumiza kuliko kama angemfokea. "Ukimwachia chumba kimoja tu, Bisibisi, hata kiwe kidogo vipi, atapitia humo kuirudia nyumba nzima. Nakwenda kuchukua ngozi na uzi wa nta. Nitarudi kabla ya saa sita. Usimsemeshe."

Akaondoka. Nyumba ikawa kimya. Na juu ya meza ya karakana, mbele ya macho yake, taa ya buluu ya kasha tupu ikawaka na kutulia.

Alijua hakupaswa. Akaichomeka diski. Akaandika lsblk, na diski ikajitokeza bila ubishi, jina lake sahihi, ukubwa wake sahihi, na ndani yake masomo arobaini yamepangwa kwa namba kama Mwalimu alivyoyapanga. Aliyahesabu. Arobaini, wala si arobaini na moja. Akafungua moja akasikiliza: kikohozi, vipimo vya ramani, hakuna kisima. Ni safi, akajiambia. Jini yuko kwenye chuma, sauti ni sauti. Alimwogopa jini, ndiyo, lakini sahani iliyojaa mbele ya mama aliyebana meno aliiogopa zaidi, na mlo mmoja wa jana haukuwa umerudisha akiba yoyote.

Aliinua macho, akalisoma tangazo lake mwenyewe. Nakala tatu, mahali pawili, moja iwe mbali na nyumba. Kwa mara ya kwanza maishani akatii. Alinakili masomo kwenye kompyuta. Akanakili kwenye simu yake. Kisha akamtumia kaka yake, aliyeishi mji mwingine na mkewe na binti yao wa miaka minne, kwa ujumbe mfupi: Kaka, hizi ni sauti za baba, zihifadhi, nitakueleza. Diski haikulia hata tik moja. Ilimsaidia, na hilo lingepaswa kumtisha.

Mshona viatu alirudi na ngozi nyeusi ya soli. Alipanga vitu juu yake: kasha, diski mbili, sumaku zilizobanduliwa ukutani. Mama aliking'ang'ania kioo chake, ikabidi vidole vyake vifunguliwe kimoja kimoja, huku akilia kilio cha mtoto. Kisha mshona viatu akaanza kushona, akichoma tundu kwa msumari wake, akipitisha uzi wa nta, akinong'ona maneno ambayo Bisibisi hakuyashika, na kadiri mshono ulivyosogea ndivyo mle ndani kulivyogonga, tik, tik, tik, upesi, kisha kwa fujo, harufu ya kisima ikajaa mpaka machozi yakawatoka wote watatu, na ilipobaki nafasi ya kupitisha vidole viwili sauti ya baba yake ikasema kutoka ndani ya ngozi, taratibu, kwa uchungu, "Bisi, mwanangu. Mbona mnanishona?"

Alitaka kumshika mkono yule mtu. Hakumshika. Uzi ukapita, fundo likafungwa, kukawa kimya.

Mshona viatu alijifuta jasho kwa kiwiko. "Hakuna kilichobaki?" aliuliza.

"Hakuna," Bisibisi alisema.

Mshona viatu akabeba furushi chini ya kwapa na kutoka. Alilifukia mbali, kwenye jalala la zamani ambalo hata mbwa waliliacha. Harufu ilikatika nyumbani kama taa iliyozimwa.

Saa saba mama alikuwa mezani, mikono mapajani. Sahani imejaa. "Mwalimu kachelewa leo," alisema, kwa sauti iliyokuwa pumzi tu.

Bisibisi hakungoja. Alibonyeza simu, akaiweka mezani. Kikohozi. "Haya, tuendelee." Mama akashika kijiko. Somo lilikuwa la mvua, lile lile alilolijua, sentensi kwa sentensi, kosa la dakika ya tisa likiwa mahali pake. Mama alimeza, akameza tena. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu, na Bisibisi alikiangalia mpaka macho yakauma, hakikuwa na kitu. Alikaa chini akashukuru. Akawaza atampelekea mshona viatu chai, na siku moja, si leo, atamwambia ukweli.

Simu iliita juu ya sauti ya baba. Alikuwa kaka.

"Bisi," alisema polepole, kama mtu asiyetaka kusikika na aliye chumba cha pili. "Zile sauti ulizotuma. Ulimpigia mtoto ukamchezea?"

"Mimi? Sijampigia mtu."

"Mimi pia sijazifungua. Simu iko kwenye chaji. Lakini anasema babu amemwita. Kwa jina lake, Bisi. Baba alikufa huyu hajazaliwa."

"Kaka, nisikilize. Chukua simu hiyo—"

"Ngoja. Yuko mlangoni, amevaa viatu." Pumzi yake ilisikika, ikasimama. "Hajui kufunga kamba huyu. Kila asubuhi namfunga mimi. Nani amemfunga kamba?"

Harufu ya kisima ilikuwa imeshafika mezani, na mama, kijiko mkononi, alikuwa amegeukia kiti cha tatu, anatabasamu.

"Huyu naye atakwenda na sisi?" mama aliuliza. "Basi tumngoje. Bado mdogo, hatembei upesi."